Kete Iliyoitwa Mama Mukwe

Mume wangu Michée anafundisha hesabu chuoni Kasapa, na mtu wa hesabu ukimpa kitu kilichokamilika atakurudishia na swali juu yake. Sataranji imechezwa duniani miaka na miaka, watu wameridhika nayo, lakini yeye aliona haitoshi. Akachora ubao wa miraba kumi kwa kumi badala ya minane kwa minane, akaongeza kete mbili mpya kila upande, na ili kupata kete hizo akanyakua bobini zangu za uzi. Mimi ni mshonaji. Bobini tupu nina kazi nazo. Lakini nani aliniuliza?

Kete mpya ya kwanza ilikwenda kimshazari kama fou, yule askofu wa sataranji, kisha ikaweza kuruka kama farasi. Ya pili ilikwenda moja kwa moja kama mnara, nayo pia ikaweza kuruka kama farasi. Kutembea zilitembea vizuri. Kilichokosekana ni jina. Kila jioni Michée na wanafunzi wake walibishana kwa simu, sebuleni kwangu hapa mtaa wa Bel-Air, kwa sauti za watu wanaogawana urithi. Mmoja alitaka Ministre. Mwingine Gouverneur. Mwingine alisoma kwenye mtandao kwamba Wazungu wana majina yao tayari, kansela na askofu mkuu, basi tuchukue hayo yaishe. Michée aliyakataa yote. Alisema jina la kete lazima limwonyeshe mchezaji jinsi inavyotembea, hata kabla hajafundishwa.

Yote hayo mama yangu aliyasikia akiwa nyuma ya pazia.

Ngoja nieleze kuhusu hilo pazia. Mama yangu, Virginie, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tangu baba yangu Stanislas afariki, alikuwa akiishi Ruashi kwa mdogo wake, mjomba Liévin. Nyumba ya mjomba iko kando ya barabara ya malori ya mgodi, na vumbi la pale linaingia hadi kwenye bakuli la sukari. Kifua cha mama kikaanza kupiga filimbi. Daktari akasema mtoeni huko. Nikamleta kwangu, nikampa chumba kinachopakana na sebule, chumba ambacho badala ya mlango kina pazia, na tangu alipoingia na sanduku lake nilijua sitaki tena alale mahali pengine. Sina dada wala kaka. Nina yeye.

"Niko napita tu," alisema, hata kabla hajakaa kitandani.

Kilichomfanya apite tu ni mume wangu. Si kwa ubaya. Ni kwa heshima, na heshima ikizidi inaweza kumfukuza mtu kuliko matusi. Kwetu, watu wa kaskazini ya Katanga, mume wa binti hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, hamgusi, hatamki jina lake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini mpaka mama apite. Kwao Michée, watu wa Kasai, ni vilevile. Wazee wao na wetu wamegombana kwa mengi katika mji huu, lakini kwa hili walikubaliana bila hata mkutano. Basi Michée akaanza kuishi kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikohoa getini ili mama apate muda wa kuingia chumbani. Asubuhi alitokea mlango wa jikoni, viatu mkononi. Mama naye alikula chumbani peke yake, sahani mapajani, na akitaka maji aliniita mimi kutoka uani hata kama Michée amesimama karibu na mtungi.

Iko namna ya kuimaliza haya hiyo. Mkwe analeta kuku na kitenge, mashangazi wanakaa, maneno yanasemwa, basi. Nilimpendekezea mama. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Haya yangu habaiuzishe na kuku," alisema. "Mama yangu alikufa, hakumuonaka baba yako Stanislas anatafuna hata siku moya. Ile njo heshima."

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Lakini moyoni nilisema: heshima gani hii, ambayo itakurudisha kwenye vumbi?

Sasa jioni moja Michée amemaliza kubishana na simu yake, ameshika kichwa, mara sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Christiane! Uliza bwana yako, ile pièce ya kwanza inatembea namna gani?"

Michée alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo alinisubiri. Nikarudia swali. Akajibu akitazama sakafu:

"Ambia mamu, inaenda pembeni-pembeni kama fou. Kisha inaweza kuruka kama cavalier."

Mama naye alikuwa amesikia, naye alisubiri nirudie. Nikarudia. Hivyo ndivyo nilivyogeuzwa redio katika nyumba yangu.

"Donc inapita hata fasi njia hakuna?"

"Ambia mamu, ndiyo, hata pasipo njia inapita."

"Basi ni Manseba."

Manseba ndio vijana wetu wa pikipiki za abiria. Ukishawaona wanavyopenya kati ya malori mawili, wanapanda ukingo wa barabara, wanatokea upande wa pili na abiria wao bado anaongea na simu, hutauliza tena kete ile inatembeaje. Michée alicheka peke yake, mkono mdomoni, kwa sababu hata kucheka mbele ya mama mkwe kuna mipaka. Muda si mrefu Kasapa nzima, yaani ile Kasapa inayocheza sataranji, ilikuwa ikisema Manseba.

Ndipo nilipokumbuka kwamba mama anajua mchezo. Baba alimfundisha katika klabu ya wafanyakazi wa reli, enzi ambazo wanawake waliingia pale kuleta chakula tu. Tangu msiba hakugusa kete. Michée akachora ubao wa pili, mimi nikaupeleka nyuma ya pazia pamoja na kete zake, na wakaanza kucheza hivyo: yeye sebuleni na ubao wake, mama chumbani na ubao wake, na mimi katikati kwenye cherehani nikipokea herufi na namba na kuzipitisha, ingawa wote wawili wana masikio mazima. Nililalamika sana. Nilishona sketi moja nyuma mbele kwa ajili yao. Lakini mama alianza kumaliza chakula chake. Alianza kuchana nywele kabla ya mchezo, akabadilisha na kitambaa cha kichwa, kwa ajili ya mpinzani asiyeweza kumwona. Nilimtania, na furaha niliyokuwa nayo sikuweza kuificha.

Kete ya pili ilikuwa bado haina jina. Jioni moja Michée alikohoa, akakunja mikono.

"Christiane, ambia mamu hivi. Ile pièce ingine inaenda droit, haizungukake. Ukiweka kintu mbele yake, inakiruka kama cavalier na inaendelea. Kama mamu anakubali, tuiite Mama Mukwe."

Nyuma ya pazia nikasikia kitanda kikilia. Nikafikiri ameudhika. Kisha:

"Ambia bwana yako, nimesikia."

Mimi namjua mama yangu. Hilo "nimesikia" lilikuwa limevaa nguo ya sikukuu. Nikachukua kipande cha kitenge chake cha zamani, nikazivika bobini za jina hilo, ubao huu na ule, kila moja na kilemba chake. Zilipendeza kweli.

Kuanzia mchezo uliofuata mama alishinda. Akashinda na mwingine. Akashinda tena. Mwanzoni alikuwa akiimba nyimbo za kanisani akipanga kete upya. Baadaye akaacha kuimba. Siku moja aliniita, akavuta pazia nyuma yangu, akanong'ona.

"Bwana yako iko mutu ya mahesabu. Namna gani mie namushinda kila siku?"

"Pengine unajua kumupita."

"Christiane. Nimefundisha batoto maisha yangu yote. Mutu akikuachia, unayua." Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. "Baba yako hakuniachiaka hata pion moya. Tulikuwa tunapigana mpaka chai inapoa. Huyu ananichezesha sawa mugeni mugonjwa. Basi njo vile ananiona. Ambia Liévin akuye anibebe samedi."

Sikubishana naye. Nilitoka pale na hasira zangu zote, na mimi hasira siweki akiba. Nilimkuta Michée anasahihisha mitihani ya wanafunzi wake.

"Juu ya nini unamuachia mama?"

"Mais siko namuachia!"

"Unamuachia! Na sasa anaenda!"

Akaweka kalamu chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa.

"Chérie, siweze," akasema. Akaonyesha ubao kwa kidevu. "Ile."

Nikatazama. Mama Mukwe wake, ile bobini yenye kilemba, ilikuwa imesimama kwenye mraba wake wa kuanzia, safi, haijaguswa. Hapo ndipo mambo niliyoyaona bila kuyatilia maanani yaliponijia. Nilikuwa nimemwona akipanga kete, hiyo akiisukuma kwa rula yangu ya kushonea, nikadhani ni uvivu. Alikuwa akicheza mchezo baada ya mchezo bila kete yake yenye nguvu, kwa sababu hakuweza kuishika. Na Mama Mukwe wa mama, popote alipokuja, Michée alimpisha. Askari alisogea. Mnara ulisogea. Wote waliingia majanini mpaka mama apite.

"Na kumukamata je?" nikauliza.

"Nimutoshe mu mchezo na mukono yangu? Mie? Nimupige mama mukwe?"

"Michée, ni bobini! Bobini yangu ya uzi!"

"Ilikuwa bobini. Tukaipa jina, na yeye akaitika."

Sikujua nimpige au nimkumbatie. Nilimkumbatia, lakini kwa nguvu ya mtu anayetaka kupiga.

Akanisihi nisimwambie mama, aliona aibu, nami nikaahidi. Akasema tutabadilisha jina tu, yaishe. Usiku hakulala vizuri, asubuhi akaja na majina: Treni, Bulldozer, Kamanda. Nikayapeleka nyuma ya pazia bila kueleza sababu, na hilo lilikuwa kosa kubwa. Mama aliyasikiliza yote hadi mwisho.

"Treni hairukake," alisema. Kisha sauti ikapungua. "Hata jina ananinyanganya. Sawa. Ni pièce yake."

Alianza kukunja nguo zake mchana uleule.

Jumamosi mjomba Liévin alifika na gari la kuazima, akakaa uani na soda yake, akitazama saa kila mara kwa sababu mwenye gari alilihitaji. Mama alikuwa ameketi kitandani, amevaa kitenge cha safari, sanduku miguuni. Filimbi ya kifua ilikuwa imepungua sana wiki zile. Niliisikiliza hiyo pumzi safi nikawaza malori ya Ruashi, na ahadi niliyompa mume wangu ikaniponyoka.

"Mama, hakukuachia."

"Christiane, acha."

"Hakukuachia! Hawezi kuishika ile kete. Tangu tuiite Mama Mukwe hawezi kuigusa. Anaisukuma na rula yangu! Na yako ikimfuata, anaipisha njia kama vile ni wewe unatoka sokoni. Ndiyo maana alitaka kubadilisha jina. Hakukunyang'anya kitu. Anakuheshimu hadi kwenye bobini, na mimi mmenichosha nyote wawili!"

Mama alinitazama.

"Hata kuigusa?"

"Hata kuigusa."

"Na rula?"

"Na rula."

Akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa ni kifua, nikamsogelea. Alikuwa anacheka. Halafu hakuwa anacheka tena. Nikakaa kando yake, akaniegemea, akafuta macho kwa kitenge.

"Stanislas pia angefanya vile," alisema. "Yeye angeisukuma na muiko ya kusonga bukari."

 Uani mjomba alikohoa kwa makusudi.

"Bwana yako iko wapi?"

"Sebuleni."

"Mwambie asitoke."

Sikuwahi kumwambia. Mama alishasimama, akajifunika kitenge kichwani, akalisogeza pazia yeye mwenyewe. Michée alipomwona aliinuka kama aliyechomwa sindano, akatafuta mlango wa jikoni. Nilikuwa nimeshasimama mlangoni hapo. Mimi ni mnene kiasi, na siku hiyo nilijivunia.

Mama alikwenda hadi mezani huku uso ameuelekeza dirishani, akapapasa kiti, akakaa. Aliinyoosha mikono juu ya ubao wa Michée, akazipanga kete zote, za kwake na za mpinzani, kwa vidole vinavyozijua. Moja tu hakuiweka mahali pake. Alibaki ameishika hewani, ile ya Michée, yenye kilemba.

"Christiane, ambia bwana yako akamate."

"Michée, mama anasema ukamate."

Alifungua kiganja, kiganja kimoja juu ya kingine, kama anayepokea komunyo, ingawa yeye ni Mprotestanti. Mama akaiweka pale. Vidole vyake viligusa mkono wa mkwewe, kidogo, na dari la nyumba yangu halikuanguka.

Wakacheza. Mwanzoni Michée aliishika kete ile kwa ncha za vidole. Aliiweka chini upesi kama kikombe cha moto. Kisha hesabu zikaamka ndani yake. Nikamwona anakunja uso, anainama. Mama Mukwe wake akashuka moja kwa moja katikati ya ubao, akaruka safu ya askari. Mama yangu akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu msiba, mguno wa mtu aliyepatikana na akaipenda hali hiyo. Alirudisha mashambulizi kwa Manseba wake. Walikuwa wanapigana. Uani mjomba akapiga honi, nikatoka nikamwambia akipiga tena nitamwaga hiyo soda.

Niliporudi wote wawili walikuwa wameganda. Mimi sichezi, lakini nilikuwa nimepitisha herufi na namba za kutosha kuelewa. Mama Mukwe wa mama alikuwa amesimama mbele ya mfalme wake, akimkinga. Mnara wa Michée ulikuwa unamtazama moja kwa moja, njia nyeupe, hakuna kitu katikati. Mnara ukisogea kando, mama ataokoka, atashinda, na atapanda gari la mjomba. Mama alijua. Michée alijua. Nilishika kiti cha cherehani yangu nikawaza: mwanaume wewe, leo usimheshimu mama yangu.

Michée alivuta pumzi. Akanyoosha mkono, akaishika kete ya mama kwa vidole vyake, akaitoa. Hakuilaza pamoja na kete nyingine zilizokamatwa. Aliisimamisha pembeni ya ubao, akakiweka sawa kilemba chake kilichopinda. Kisha akausogeza mnara.

"Échec," alisema, kwa sauti ya chini sana, akinielekea mimi, kama vile ni mfalme wangu aliyeshambuliwa.

Mama hakusubiri nirudie. Alihangaika na mfalme wake kwa muda, huku na huku, kwa sababu si mtu wa kujisalimisha, lakini ilikuwa imekwisha. Alipomlaza mfalme wake ubaoni, aliketi akiutazama mchezo wote, askari waliobaki, njia iliyofunguka. Pumzi yake ilikuwa shwari.

"Mugeni, banamuachiaka," alisema. "Mutu ya nyumba, banamupiga." Akageuza kichwa kuelekea uani, akapaza sauti. "Liévin! Peleka mutokari ya batu! Utanisalimia bibi yako!"

Mjomba akauliza kitu, hakuna aliyemjibu. Mama alikuwa ameurudisha uso wake mezani. Hakumtazama Michée machoni, hilo sidhani kama atalifanya maishani mwake. Alimtazama penye kola ya shati.

"Panga tena," akasema.

Nilifungua mdomo nimpelekee ujumbe, kama nilivyozoea. Michée alikuwa ameshaanza kupanga.